Amri Aliyoiacha Gloria

Benchi la kijiwe cha Turwa, mjini Tarime, liko nje ya karakana ya kuchomelea mageti, na ukilikalia asubuhi bado lina baridi ya chuma. Saa kumi jioni Regina hufika na birika lake la kahawa, na wazee humfuata. Siku hiyo Magige alimtangulia. Alikaa mwisho wa benchi, mkoba mweusi mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ya binti yake, Gloria, aliyezikwa wiki saba zilizopita. Mwenzake Gloria wa kazini alikuwa njiani kuja kuichukua. Magige hakutaka afike nyumbani, maana mkewe, Rhobi, bado aliichaji kila asubuhi. Na hadi saa ile yeye mwenyewe hakujua kama mikono yake itaachia.

— Shikamoo, tata, alisema kijana Waitara. Kijiweni wanamwita Redio, kwa kuwa huenda Sirari mpakani na kurudi na habari ambazo hata watu wa Sirari hawana.

— Marahaba.

— Ndiyo mashine yenyewe hiyo? Ati Gloria alikuwa anatengeneza kitu cha kutafuta ng'ombe walioibwa. Unaandika rangi na pembe, kinakwambia yuko boma gani.

— Uongo! alidakia Wiliam. Yeye kijiweni ndiye Hakimu. Mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi, lakini hakuna ubishi asioutolea hukumu. Ile ni ya kuchunga manesi, alihukumu. Nesi akichelewa, inapiga kelele mpaka Dodoma.

— Dodoma watasikiaje, bana?

— Kwa setilaiti.

— Kama setilaiti ipo, basi na ng'ombe itawaona. Hakimu, umenishindia kesi!

Regina alicheka, kisha akamtazama Magige, akammiminia kahawa. Magige alifanya ishara ya msalaba juu ya kikombe chake, akanywa kidogo. Akasema polepole, kama anavyosoma masomo kanisani:

— Si ng'ombe, wala si manesi. Kila zahanati ina kompyuta inayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Wanaiita seva. Ofisini kwao kina Gloria kuna chombo kimoja cha kuzipanga. Unaandika amri kwa maneno, hakuna picha za kubonyeza, na seva zote zinafuata mara moja.

— Gwaride, alisema Wiliam.

— Gwaride. Sasa ile isiyoitika, chombo kinaihesabu imekufa, kinaifuta kwenye orodha. Kuna moja upande wa Nyanungu, ya umeme wa jua. Mawingu yakikaa, inalala. Mwaka jana ikafutwa hivyo hivyo. Wajawazito wakafika kliniki wakaambiwa hawajulikani.

— Yesu wangu, alisema Regina.

— Gloria hakulala vizuri kwa jambo lile. Akaanza kuandika programu ndogo ya kuchomeka kwenye chombo hicho. Amri moja tu, akaiita "subiri". Ukiiandika, chombo hakifuti kitu. Kinaiita seva iliyo kimya, kinatulia, kinaiita tena.

— Mpaka iamke?

— Mpaka iamke. Aliniambia, baba, kukaa kimya si kufa. Nikamjibu amina.

Waitara alisogea karibu, macho yamemtoka.

— Basi tata, kitu kama hicho kinaweza kuita hata watu! Ng'ambo kule kuna mzee alipigiwa simu na...

— Mura, funga mdomo! alifoka Wiliam. Huoni mtu ana msiba?

— Mwache, alisema Magige. Mimi nilifanya kubwa kuliko hilo. Wiki ya kwanza niliiwasha. Nikaona pale panapoandikwa amri. Nikaandika jina lake.

Regina alishusha birika chini.

— Ikanijibu haiijui amri hiyo. Nikaizima, nikaenda kutubu.

Eugenia, yule mwenzake Gloria, alifika wakati huo, viatu vimejaa tope. Ni mtu wa Bukoba, alihamishiwa Tarime mwaka mmoja na Gloria, na msibani alikesha na akina mama siku zote tatu.

— Shikamooni. Baba, pole tena. Nisingekusumbua, lakini kesho asubuhi tunapitisha amri kwenye seva zote, na kwa mvua hii ile ya Nyanungu iko kimya tangu juzi. Bila kazi ya Gloria, itafutwa.

Magige alishusha kikombe. Kisha akafungua zipu mwenyewe, akaitoa kompyuta kwa mikono miwili, akampa.

Eugenia alikaa hapo hapo benchini, akaifungua. Maandishi meupe yakapanda kwenye skrini nyeusi. Akasoma, akatabasamu, akajifuta jicho.

— Amemaliza karibu yote. Hata maelezo ameandika kwa Kiswahili ili sisi wengine tusipotee.

Kisha kidole chake kikasimama.

— Baba, hapa ameacha wazi. Hakukwambia iite mara ngapi ndipo ikate tamaa?

Hakimu na Redio waliinama kuichungulia skrini.

— Acha pabaki wazi, alisema Magige.

— Pakibaki wazi haifanyi kazi, baba. Inataka namba.

Magige alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama anayehesabu rozari. Eugenia aliweka vidole juu ya vibonye, akaingoja namba.