Nyumba ya Bi. Otilia Barría Haijasogea

Bi. Otilia Barría Guineo, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1941 hapahapa Llaumico, kisiwani Lemuy, akiwa kitinda mimba wa Mzee Fidel na Bi. Rosenda. Alisoma miaka mitatu katika shule ya kanisa. Aliacha kwa sababu ya mvua na umbali, ingawa mwenyewe alisema mwalimu alikuwa anavitazama mno viazi vyake vya mchana.

Alilima, aliokota kome maji yakipwa, na alifuma mablanketi ya sufu. Mteja akilishika blanketi kulikagua, naye alishika upande wa pili, hakuuachia.

Mwaka 1963 aliolewa na Liborio Cárcamo, aliyekwenda kusini kila mwaka kukata manyoya ya kondoo. Akirudi, Bi. Otilia alilinusa koti lake kwanza, ndipo akamkumbatia. Walijaliwa mwana mmoja, Abdón. Liborio alifariki mwaka 1998.

Februari 2004 bahari ilikuwa imeshakula ukingo mpaka karibu na mlango wake. Majirani waliipandisha nyumba juu ya magogo mawili, wakafunga jozi nane za maksai, wakaivuta hadi juu, kando ya nyumba ya Evaristo Llancapani. Bi. Otilia alikataa kutoka ndani.

"Shuka, Bibi, utaumia!"

"Nikishuka, vijiko vyangu vitalindwa na nani?"

Ilipotua, dirisha la jiko lake lilitazamana na la Evaristo.

"Umefanya makusudi, Evaristo."

"Ni maksai walioigeuza, dada."

"Na maksai walitumwa na nani?"

Tangu hapo alimchungulia kila siku. Evaristo alipoanguka kutoka juu ya paa, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na supu alimpikia mpaka mguu ukapona. Lakini magogo yalibaki chini ya nyumba, naye hakuyasahau.

Juni 2023 miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Nesi alisema aende hospitali ya mjini Castro. Alikataa katakata, akamgeukia Evaristo.

"Nikirudi nitakuta mmepanda viazi lilipokuwa jiko langu. Nyumba iliyovutwa mara moja huvutika tena."

"Nimekula supu yako miaka yote hii, leo nikuibie nyumba?"

"Ndiyo maana njia unaijua. Magogo uliyaacha ya nini?"

"Niliona labda utatuchoka, utataka kurudi ufukweni. Sikutaka ujione umefungwa hapa."

Kesho yake Evaristo na wanawe waliinua nyumba, wakayatoa magogo na kuyapasua kuwa kuni mbele ya macho yake. Alipohakikisha hakuna gogo la tatu, alikubali kwenda. Tulikuwa tumechelewa.

Kutoka hospitali alipiga simu kila asubuhi, akipokelewa na mjukuu wa Evaristo.

"Nyumba ipo?"

"Ipo, Bibi."

"Usinidanganye. Dirisha linatazama wapi?"

"Kwetu."

Siku ya mwisho aliuliza hivyohivyo, kisha akasema: "Basi, msiligeuze." Alifariki jioni hiyo, Ijumaa, tarehe 11 Agosti 2023.

Ameacha mwana, Abdón, mkwe na wajukuu wawili walioko Punta Arenas, kuku wake, na sisi wa dirisha la pili. Jiko lake limewashwa leo asubuhi.

Pumzika kwa amani, Bibi. Huna haja ya kuchungulia. Ipo.