Bi. Wariara Hakutusalimia Mjini

Ijumaa, tarehe 28 Desemba 1979, Bi. Wariara Njuguna anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu hapa Nakuru.

Alianza mwaka wa 1958, enzi za kupima mimba kwa kutumia vyura: chura alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai, mimba ipo. Yeye ndiye aliyewalisha. Siku moja watatu walitoroka wakaingia ofisini kwa metroni, mkuu wa wauguzi, naye metroni akapanda mezani na kukataa kushuka hadi saa sita. Bi. Wariara aliwakamata mmoja mmoja, kisha akamwomba metroni atie sahihi kwamba vyura wote wamepatikana.

Kazi iliyomjengea jina, na kumpokonya marafiki, ilifika mwaka wa 1973: kupima homoni katika damu ya wanawake waliokawia kupata mtoto. Damu hutolewa wiki moja kabla ya hedhi, ionekane kama yai limetoka. Aliyatenga maji ya damu, akayafungasha kwa barafu na kuyapeleka stesheni mwenyewe, yapande treni ya Nairobi. Majibu yalichukua mwezi mzima. Wanawake walikuja kutoka Molo, Kuresoi na hapa mjini, wengi wakiwa wameaga nyumbani kwamba wanaumwa na jino. Kwa hesabu hiyo, maabara yetu ilikuwa na wagonjwa wengi wa meno kuliko kliniki ya meno.

Mwaka uliofuata alifanya kosa la pekee ninalolijua. Alimsalimia mmoja wao sokoni, vizuri tu, kama jirani. Kumbe mama mkwe wa mwanamke huyo alikuwa kando.

"Huyu wa hospitali mlijuana wapi?" mama mkwe akauliza.

Yule mwanamke hakurudi tena hospitalini. Majibu yake yalifika wiki iliyofuata, na hayakuwa na kasoro yoyote. Hakukuwa na njia ya kumfikishia bila kumfichua zaidi.

Tangu hapo Bi. Wariara hakumsalimia mtu yeyote nje ya lango la hospitali. Angechagua wa kusalimia, wale aliowapita wangejulikana kuwa wagonjwa wake, basi akatupita sote. Mji ukasema anaringa. Kanisani alikaa benchi la nyuma na kutoka kabla watu hawajapeana mikono. Hata mimi nilimsema, na leo naona haya.

Tulipomwomba orodha ya wageni wake wa sherehe ya kumuaga Ijumaa, aliirudisha karatasi ikiwa tupu. Alisema hataki mtu aje halafu aulizwe walijuana wapi.

Basi nimeomba ruhusa nyumbani ya kuyasema haya, nikapewa. Mke wangu, Eucabeth, alitolewa damu na Bi. Wariara mwaka wa 1976. Mtoto hatujapata. Miaka mitatu sasa wawili hao wanapishana barabarani bila neno, na inamuuma mke wangu. Bi. Wariara, tunakushukuru kwa uliyoyafanya na kwa uliyoyanyamazia, na tunakuombea siku njema zenye watu ndani yake. Ijumaa Eucabeth atakaa kiti cha mbele. Akiulizwa walijuana wapi, atasema.

Jonah Owino, Mapokezi