Siku Salumu wa Kelele Halali Alipokaukiwa Sauti

Jumamosi alasiri, kijiwe chetu cha Magomeni, Bagamoyo, kilikuwa na watu watatu na ubishi wa soko zima. Mimi ndiye ninayemimina kahawa pale, kwa hiyo nasikia yote na silipwi kwa kusikia. Kwenye benchi alikuwepo Waya, fundi wa redio anayetengeneza za watu wote isipokuwa ya kwake. Alikuwepo Khamis, muuza dawa za miti, tunamwita Dokta. Na alikuwepo Bwana Humoud, mwenye duka la saruji ng'ambo ya barabara, huyo ni Mfuko. Mara akatokea Salumu, mwimbaji wa Kelele Halali, bendi ya roki ya vijana wetu wa hapa hapa: magitaa ya umeme, ngoma anapiga Wahida, na mayowe. Walikuwa wameshapiga Vigwaza, Msata, Pangani mpaka Tanga, na kote huko watu wanawafuata kama wanagawa pilau. Nyumbani tu ndiko walikuwa hawajapiga. Usiku huo ndio ungekuwa wa kwanza, kiwanja cha mpira, baada ya isha. Salumu akaketi, akafungua kinywa atoe shikamoo, hakikutoka kitu.

— Marahaba, akaitikia Dokta. Tuihesabu imefika. Una nini wewe?

Salumu akajishika koo, akatikisa kichwa.

— Sauti imemkauka, nikasema.

— Leo? Leo hii? Waya akaweka kikombe chini. Na mama yake ameshamwambia kila anayenunua samaki!

Ilikuwa kweli. Bi Ashatu alikuwa hafungi samaki wa kukaanga bila kukuambia mwanawe anaimba usiku huo, tena nyumbani.

— Maji ya barafu hayo, akasema Mfuko.

— Barafu gani? Dokta akamkata. Huyu kaimba Tanga. Tanga si pa kwenda kufumbua mdomo ovyo. Kuna mtu kaipenda sauti, kaondoka nayo. Saa hizi kuna mzee kule anamwita mkewe, nyumba ya tatu wanaitika.

— Acha hizo, Dokta. Huu ni umeme, akasema Waya. Mkono huu maikrofoni, mkono huu gitaa. Umeme unapanda huku, unashuka kule, unakatiza kooni. Na koo ni nyaya mbili tu. Zimeungua. Ningekuwa na bisibisi yangu hapa...

Salumu akasogea mpaka mwisho wa benchi.

— Bisibisi ungeitia wapi? nikauliza.

— Sikioni. Ndiko kwenye soketi.

Mfuko akanyanyua kidole. Mfuko akinyanyua kidole, hata mbuzi wanaopita husimama.

— Si Tanga, wala si umeme. Ni jini la hapa hapa Bagamoyo, na limenuna. Mmekwenda kuwaimbia madereva wa malori Vigwaza, mmekwenda kuwaimbia Wapangani, nyumbani kwenu mmepageuzia mgongo. Jini limekaa, limesubiri. Sasa mnarudi, linasema haya, imbeni tuone.

— Hapo jini lina haki, akasema Dokta. Hata mimi nilinuna.

— Wewe ulitaka kwenda kuwasikiliza? nikamuuliza.

— Sikutaka. Lakini wangeniuliza.

Dokta akatoa mfukoni chupa yenye kitu cha rangi ya tope.

— Kunywa hii, mwanangu. Ilimrudishia sauti jogoo wa Makurunge.

— Huyo jogoo yuko wapi? akauliza Waya.

— Kaliwa. Lakini kaliwa akiwika.

Tukacheka mpaka Mfuko akamwaga kahawa kwenye kanzu. Salumu hakucheka. Alikuwa ameinama, viganja usoni. Wenzake walitaka usiku ule wakapige Dar, kwenye watu wengi. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania Bagamoyo. Zamani alipoanza kushika gitaa tulimwambia atafute kazi ya kupiga muziki harusini kama wanaume wenzake. Hakuwahi kutujibu vibaya.

Hapo likasimama basi la Koasta, wakashuka vijana wengi wenye fulana nyeusi. Binti mmoja, baibui juu, mabuti chini, akaja moja kwa moja kijiweni.

— Shikamooni wazee. Mimi Najma, tunatoka Pangani. Tumekuja kwa ajili ya...

Akamwona Salumu, akashika mdomo. Nikamweleza habari ya sauti. Nilidhani atalia. Akachuchumaa mbele yake.

— Kaka, wewe simama tu pale mbele. Maneno tunayo sisi.

Kisha akatugeukia, uso umechangamka.

— Na nyie mliomlea! Nyimbo zake mmezisikia kabla yetu sote. Mnaupenda upi zaidi?

Waya akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Ule, akasema Waya. Ule wenye gitaa.

— Zote zina gitaa, baba.

— Wa polepole ule, akasema Dokta.

— Hawana wa polepole.

Mfuko akawa anatazama duka lake kana kwamba limehama. Najma akanitazama mimi. Nikaona birika linahitaji kufutwa, nikalifuta. Salumu alikuwa ameinua uso, anatutazama mmoja mmoja. Hasira hakuwa nayo. Alikuwa anasubiri jibu, kweli kabisa, na hilo ndilo lilinifanya nitamani benchi linimeze.

Dokta akakohoa.

— Binti, hapo kiwanjani kuna viti, au ni kusimama?

Kabla Najma hajajibu, Salumu akafumbua kinywa. Kilichotoka kilikuwa kama bati linaburutwa juu ya kokoto.

— Ku... simama.

Mfuko akainuka, akavuka barabara, tukamsikia anashusha mlango wa duka, jua bado lipo. Waya akajinyoosha mgongo, akalalamika magoti, akasimama. Dokta naye akasimama, akaisukumiza chupa yake mfukoni bila kumpa mtu. Mimi nikamwagia maji jiko la mkaa, maana hapakuwa na mteja aliyebaki ameketi.