Ushuhuda Ninaoufuta

Batata na bamama, ndugu zangu, asanteni kwa kuniruhusu kusimama tena. Mwaka jana nilisimama hapa hapa, katika kanisa letu la Manika, mkanipigia makofi. Leo msipige.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilikaa Likasi, nikakaa Kipushi, nikavuka hadi Zambia, na kila mahali niliota zile nyumba za mgodi zilizopangwa mistari kule Kapata nilikozaliwa. Nilirudi na miaka arobaini na miwili na ugonjwa wa sukari. Daktari alinipa vidonge vya kila siku, akaniambia niutembeze mwili. Nikaamua kukimbia. Kila Jumamosi asubuhi nilitoka na kikundi cha wakimbiaji, Kapata hadi Musonoi na kurudi, vumbi la magari ya mgodi likitupaka nyuso. Vijana wa kikundi walinicheka: "Tata, iyo ni kukimbia ao kusindikiza mugeni?" Lakini tumbo lilipungua, na nilipopimwa hospitali sukari ilikuwa imeshuka.

Nawaambia, kile kipimo kizuri kilinilevya. Niliacha vidonge bila kumuuliza daktari. Wiki tatu baadaye nikaja hapa kushuhudia kwamba nimepona kwa mbio na maombi. Ibada ilipoisha, mama mmoja muuza samaki, naye ana sukari, alinishika mkono mlangoni.

"Tata, ni kweli dawa uliachaka?"

"Niliacha, mama. We tembea tu kwa miguu mpaka ku soko."

Mwezi haukuisha. Nilianguka kwenye barabara ya Musonoi, ulimi umekauka, macho yametanda ukungu. Wale wale walionicheka walinipakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Nilirudia vidonge siku hiyo hiyo, lakini hapa sikurudi kusema. Niliona haya, ndugu zangu. Jumapili nyingi nilikaa benchi la nyuma, dawa yangu nimeshaimeza nyumbani, na yule mama akigeuka kunisalimu kwa furaha. Akaanza kuchechemea. Nikajiambia ni viatu vinambana.

Kumbe kilikuwa kidonda cha sukari, nacho kilimnyang'anya vidole viwili vya mguu.

Nilimfuata hospitali nikamweleza yote.

"Kumbe we ulikuwa unameza, na mi niko naacha?"

"Njo vile, mama. Pole."

"Pole hairudishe bidole. Enda useme ile fasi ulisemeaka."

Imenichukua wiki sita kutii na kurudi mahali hapa.

Nawashukuru wenzangu wa mbio walionibeba. Namshukuru daktari aliyenipokea bila matusi. Namshukuru yule mama, aliyekubali nisimulie habari hii. Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami simuulizi. Bado nakimbia, polepole, na kabla ya kufunga viatu nameza dawa. Mbio zinausaidia mwili. Hazikunipa ruhusa ya kujifanya daktari, wala Mungu hakunituma kuongeza chumvi katika kazi yake.

Ule ushuhuda wangu wa kwanza naufuta mbele yenu. Kama yupo mwingine aliyeacha dawa kwa sababu yangu, naomba asiende nyumbani. Nitasimama pale mlangoni. Twende wote hospitali leo, kabla hajavua nguo za ibada.