Mkono Waliouzoea Majogoo

Mbele ya mgahawa wa Tulba, katika kijiji kimoja cha Fayoum, nchini Misri, kuna benchi la udongo lililoegemea ukuta, na ng'ambo ya mfereji gurudumu la maji hulia mchana kutwa kama mtu anayekumbuka jambo. Wenye benchi hawalisikii tena. Alasiri ile walikuwapo wawili: Zaghlul, aliyeitwa Redio kwa kuwa habari haikupata kulala kwake, na Shenuda muuza nafaka, aliyeitwa Mizani kwa kuwa hakukubali neno kabla ya kulipima. Kijana Rizk, mfuga kuku, alipofika akaketi katikati yao bila salamu, wakajua kuna jambo. Bilauri ya kahawa aliyopewa ikamteleza vidoleni, ikavunjika. Tulba akamletea nyingine, akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi wana mikono ya kambare.

Yaliyompata Rizk wote waliyajua. Ami yake, mzee Wahdan, alikuwa na kuku wa asili, shingo za fedha na macho meusi, ukoo aliorithi kwa babu zake. Kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, kiliwapitia, kikasaza mitetea michache na majogoo watatu wazee waliovimba miguu, wasioweza tena kumpanda mtetea. Mzee akawa anawakamua mbegu kwa mkono. Alijipaka mafuta ya habasoda viganjani, akampakata jogoo na kumpapasa mgongo hadi mkiani, mpaka jogoo akashusha mbawa na tone jeupe likaangukia kwenye kikombe cha kioo. Kisha alilitia kwa mrija kwa mtetea mmoja mmoja. Majogoo waliuzoea mkono ule hata wakawa wanainua mkia wakisikia tu hatua zake.

Alipokuwa akikata roho alimshika Rizk akamwambia, "Mbegu hii isikufie mkononi." Nayo ikawa kama inamfia. Majogoo walimdonoa, wakamnyea, wasimpe kitu. Kila yai alilolipima kwenye taa lilikuwa tupu na angavu kama bilauri ya maji. Ilipopita arobaini ya mzee, Rizk akaacha hata kuwagusa.

— Jana nimeyapima yale mayai aliyoatamia yule kuku mweusi, akasema Rizk. Yana mishipa. Yana roho.

— Basi hongera, akasema Redio. Wamekukubali.

— Sijapata hata tone, Redio.

Mizani akaeleza kwamba mtetea huweka mbegu ndani yake wiki mbili, hata tatu, akiba haiozi. Rizk akamjibu kwamba hilo analijua, ila akiba haiwezi kwisha, mayai yakawa matupu, kisha ikarudi.

— Ni jogoo wa jirani, akasema Redio. Jogoo wa shamba hawiki mjini.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? akauliza Mizani.

— Kama alivyoingia jogoo. Dirishani.

Lakini kila mtetea alikuwa kizimbani mwake, waya pande zote, na ufunguo wa banda Rizk aliuvaa shingoni hata usingizini. Redio akaitazama kamba ya ufunguo, kisha akateremsha sauti. Wiki iliyopita, akasema, alipita nyuma ya banda akienda kuswali alfajiri, akasikia mtu akimbembeleza jogoo.

— Alisemaje? akauliza Rizk.

— "Taratibu, bwana harusi. Taratibu."

Mtu aliyeita majogoo bwana harusi alikuwa mmoja tu, naye walimbeba wenyewe mabegani hadi kaburini.

— Mfa maji haachi kutapatapa, akasema Tulba kutoka mlangoni.

— Mzee alifia kitandani, akasema Mizani.

— Maji ni maji tu. Amana humrudisha mtu.

Ndipo Redio akasimulia kwamba huko ukingoni mwa jangwa maiti hupewa ruhusa amalize kazi aliyoiacha, na hurudi na kile kiungo kinachohitajika tu. Mkulima hurudi mguu, mfumaji hurudi vidole. Kwa mzee Wahdan ulitosha mkono. Mizani, aliyekuwa hapimi tena, akasema kwamba kama ndivyo, vifaranga hivyo ni mali ya marehemu.

— Huwezi kurithi kitu ambacho mwenyewe bado anakifanyia kazi, Rizk. Yavunje mayai.

— Nikiyavunja, ukoo umekwisha. Majogoo hawatafika majira mengine.

— Na usipoyavunja?

Hilo ndilo lililomleta. Gari la kiwanda cha kuangulia vifaranga lilikuwa linakuja jioni ile, na mayai ya wiki nzima yalikuwa kwenye trei miguuni pake, yamefunikwa kwa shuka. Alitaka mtu amwambie ayatoe au asiyatoe. Walimwonea huruma, ila hakuna aliyetaka neno la mwisho liwe lake.

Gari likafika. Dereva alikuwa mgeni, mtu wa Beni Suef, mcheshi. Akawapa mkono mmoja mmoja, Rizk akiwa wa mwisho. Alipouachia mkono wa Rizk akakisogeza kiganja chake puani, akatabasamu.

— Samahani, ndugu yangu. Habasoda hii unaipata wapi? Mama yangu ameitafuta nzuri kama hii soko zima.

Redio akamtazama Mizani. Chupa ya mafuta ya mzee ilikuwa moja, na mjane wake aliwapa waosha maiti, wakaimaliza yote juu ya mwili wake. Walikuwapo, waliona ikikung'utwa.

Rizk akageuza viganja vyake kwenye mwanga wa jua lililokuwa likishuka. Viling'aa hadi kwenye vifundo vya mikono. Ukingoni mwa bilauri yake ya pili vidole viliacha alama za mafuta. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, wenye benchi walilisikia gurudumu.

Dereva alikuwa bado anangoja jibu. Rizk akainama, akafunua trei, akamkabidhi.

— Yachukue, akasema. Taratibu. Taratibu.

Redio akasogea hadi ncha ya benchi.