Mzee Pisha na Milango Sitini na Minne

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Pisha atarudisha funguo za stoo ya picha na kuiaga Idara ya Uthamini wa Majengo baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Keki ameikataa. Hotuba ameikataa pia, ndiyo maana nimeombwa niandike mimi, niliyembebea ngazi na chaki kwa miaka kumi na minane. Najua fika kwamba akisoma haya atakuja na kalamu nyekundu.

Kazi yake haina maelezo marefu. Kila mwaka, mwezi wa pili, alishuka mpaka mtaa wa maduka, katikati ya jiji, akapiga picha mlango kwa mlango, kuanzia namba 1 hadi namba 64, ili idara ijue jengo lipi limeongezwa baraza kinyemela na lipi limeanza kupasuka. Nyuma ya kila picha aliandika namba, tarehe na aina ya biashara. Zote alizitunza kwenye maboksi ya viatu aliyoombaomba kwa muuza viatu wa namba 9, na hadi leo stoo yetu inanukia ngozi mpya. Ni picha 2,240, na hakuna hata moja iliyopotea. Waliowahi kurudisha picha ikiwa na alama ya kidole wanajua walichoambiwa.

Jina la Pisha lilitokana na kanuni namba nne ya idara: picha iwe ya jengo tu, mtu asionekane. Wengine wangeichukulia kanuni hiyo juujuu. Yeye aliishika kama sala. "Pisha, ndugu! Pisha, mama!" mtaa mzima ulimsikia. Kinyozi alipisha, fundi saa alipisha, wateja walipisha na mizigo yao. Mlevi mmoja aliyelala kwenye kizingiti cha namba 40 hakupisha, basi Mzee Pisha akakaa juu ya ngazi yake akamsubiri dakika hamsini, mpaka mlevi akaamka mwenyewe, akashukuriwa, akaondoka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora mstari wa chaki chini. Ukiuvuka, umeingia kwenye picha.

Aliyembishia ni mmoja tu. Mwaka wake wa kwanza kazini, muuza vifungo na nyuzi wa namba 27 alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mlango wangu, picha yako," akamwambia. "Mmoja wetu atangoja." Aliyengoja ni Mzee Pisha, na mwaka uliofuata wakaoana, wakaishi chumba cha juu ya duka. Tangu hapo, kila mwaka mkewe alipoiona kamera alicheka, "Haya, nishapisha, mume wa serikali," akaingia ndani kabisa, nyuma ya kaunta, usimwone hata ukosi wa gauni.

Sasa nimefika pale ambapo maandishi ya namna hii huruka haraka. Mimi sitaruka.

Katika mwaka wake wa kumi na nane kazini, Jumamosi mchana, moto ulianzia stoo ya magodoro ya namba 21 ukala mpaka namba 29. Milango ya nyuma ilikuwa imezibwa kwa nondo, kwa kuogopa wezi. Walikufa watu saba, na muuza vifungo alikuwa mmoja wao. Mzee Pisha alikuwa hapa ofisini, kwenye chumba cha giza, akisafisha picha za mtaa huohuo. Siku ya kumi alirudi kazini. Tukasema pole, tukampa kazi.

Kwa kuwa wengi waliishi juu ya maduka yao, picha zao za nyumbani nazo ziliteketea. Ndugu wa marehemu wakakumbuka kwamba iko ofisi inayoupiga mtaa picha kila mwaka. Wa kwanza kuja alikuwa mama wa kinyozi wa namba 24.

"Mwanangu alikuwa habanduki mlangoni," alisema. "Hamwezi kuwa mmemkosa."

Mzee Pisha akamtandazia mezani picha za miaka tisa. Katika kila moja kiti cha kinyozi kilikuwepo nje, taulo limetundikwa mgongoni mwa kiti, na hapakuwa na mtu.

"Mbona kiti kipo, mwenyewe hayupo?"

"Nilimwambia apishe, mama."

Nilikuwa nimesimama pale na chaki yangu mfukoni, na nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama hakumlaumu yeyote. Aliziangalia zote tena, moja moja, kisha akasema, "Basi nipe hicho kiti." Mzee Pisha akamsafishia nakala; mama akaitia kwenye mkoba, akaenda zake.

Kuanzia wiki ile Mzee Pisha hakupumzika tena mchana. Alikula mkate wake koridoni, maana makombo hayaingii stoo, kisha akajifungia na lenzi ya kukuzia kuwatafuta watu aliowaondoa mwenyewe. Aliwatafuta kwenye vioo vya madirisha, kwenye vivuli, kwenye kingo za picha. Mwaka wa nne akampata kinyozi. Yumo ndani ya kioo cha kunyolea cha duka lake, mdogo kama punje ya mchele, amesimama ng'ambo ya barabara alikopelekwa, amekunja mikono na kununa. Mzee Pisha aliikuza ile picha akampelekea mama yake kwa mkono wake. Fundi saa alipatikana kiwiko tu, na familia yake walikitambua mara moja. Kati ya wale saba, aliwapata sita.

Wa saba hakumpata. Mkewe alipisha vizuri kuliko wote. Iliyobaki ni picha yake ya kitambulisho, ndogo kama stempu, na Mzee Pisha anasema haifanani naye kwa sababu hacheki.

Palipoungua sasa ni maegesho ya magari, lakini hakuacha kupapiga picha, namba 21 mpaka 29. Wakubwa walimwandikia barua kuuliza picha tisa za uzio kila mwaka ni za nini. Jibu lake limo kwenye jalada, mstari mmoja: "Milango ipo kwenye orodha."

Mwezi wa pili mwaka huu, mzunguko wake wa mwisho, alinikataza kutoa chaki. Aliwaambia wenye maduka wasimame kwenye milango yao. Wakasimama, wengine wakininong'oneza kama mzee anaumwa. Tulipofika namba 27, kati ya pikipiki na gari jeupe, alinikabidhi kamera kwa mara ya kwanza. Nikachungulia, simwoni. Alikuwa amesimama nje ya ukingo wa picha, kofia mkononi, palepale ambapo ningechora mstari.

"Ingia, mzee."

"Mimi si mwenye mlango."

Nilimwita mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nalia, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye jarida la ofisi. Akaingia. Alisimama upande wa kushoto, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia. Nikapiga.

Nyuma ya picha hiyo ameandika kwa mkono wake: "Namba 27. Vifungo na nyuzi. Mume wa mwenye duka."

Wiki iliyopita idara iliifuta kanuni namba nne. Imechelewa, na sote tunajua.

Asante, Mzee Pisha, kwa mtaa uliotutunzia na kwa watu sita uliowarudisha kwao. Tunakuombea afya, usingizi na siku nyingi za kutembea bila ngazi. Na ukikutana na mtu mwenye kamera barabarani akakuambia upishe, tafadhali, baki hapohapo.