Tabaka Tisa za Programu ya Damu

Sogezeni viti, wanangu, na wewe kitinda mimba zima hiyo simu, maana pumzi imebaki kidogo na sitasema mara mbili. Nyumba ni yenu wawili, msiuze, msigombane. Kompyuta yangu achukue dada yako, wewe utaivunja tu. Hayo ni mepesi. Zito ni hili la programu ya benki ya damu pale hospitalini, ambayo mmekua mkiiona inanipa jina na mnadhani nawaachia dhahabu.

Kabla yangu aliiandika baba yenu mdogo. Ukurasa mmoja: unachagua kundi la damu, unaona mifuko mingapi iko kwenye friji, basi. Alichukua kiunzi cha programu, yaani mifupa tayari ya kujengea iliyotengenezwa na wenzetu, akakitumia kama kilivyokuja, asiongeze hata kijiti. Wauguzi walimpenda! Nikipita koridoni naulizwa, "Mdogo wako hajambo?" Mdogo wangu! Mimi niliyemfundisha kushika kibodi! Wivu ulinishika, wanangu.

Alipokwenda masomoni nikawaambia wakubwa kwamba kazi yake ni ya kitoto, nikaiandika upya kwa kiunzi kilekile. Kiunzi kilikuwa na njia yake ya kuhifadhi kumbukumbu, safi kabisa. Mimi nikajenga njia yangu juu yake, na juu ya hiyo nyingine, eti siku tukihamia hifadhidata tofauti tusipate taabu. Miaka kumi na moja hatujahama popote. Tabaka tisa! Muuguzi mkuu alipoomba tuongeze tarehe ya damu kuharibika, kitu ambacho mdogo wangu angekimaliza chai haijapoa, mimi nilifumua mafaili tisa, nikakaa wiki tatu, nikatoka nikijigamba kwamba kazi ya kitaalamu haitaki haraka. Loo! Ningekuwa mtu wa kuona aibu, ningeiona siku hiyo.

Aibu imenikuta juzi, hapa hapa kitandani. Muuguzi mkuu alikuja kuniona, akanishika mkono, na katika kunifariji ulimi ukamteleza: nisiwe na wasiwasi, damu haitapotea hesabu, kwa sababu miaka yote hii wanaandika kwanza kwenye ile ya mdogo wangu, katika kompyuta kuukuu iliyo stoo, ndipo wanajaza na yangu ili nisivunjike moyo. Nisivunjike moyo! Nilimgeuzia mgongo, nikatazama ukuta mpaka akaondoka. Hata daktari aliponipa majibu ya ugonjwa huu sikuumia hivyo.

Basi sikieni. Nawajua, mtataka kuiendeleza programu yangu kwa kuniheshimu. Msithubutu. Siku moja mtu atachoka kuandika mara mbili, ataandika upande mmoja, friji iko tupu na skrini inasema damu ipo, na mama wa watu yuko kwenye meza ya upasuaji. Izimeni yangu. Ibaki ile ya baba yenu mdogo, peke yake. Na nyinyi mkipewa kiunzi, kitumieni kwanza kama kilivyo. Mkiona hamu ya kuongeza kitu, ulizaneni nani amekiomba, na mkikuta aliyekiomba ni majivuno yenu, fungeni kompyuta mkale.

Nipeni maji... kidogo. Hapo, yatosha. Nasikia baba yenu mdogo yuko nje kwenye benchi tangu asubuhi, hathubutu kuingia. Mpeni nywila zote, ziko kwenye droo. Mwambieni kazi yake ilikuwa nzuri. Mengine msimwambie... Hapana. Mwambieni nilimwonea wivu. Na bado namwonea, wanangu, hata sasa hivi, maana mtakaa naye mezani, mtacheka naye, na mimi... sipo.

Mungu awashike mikono. Awape kazi nyepesi... na roho nyepesi kuliko yangu. Haya. Mmoja aende akamwite. Mlango uacheni wazi... nimwone akija.